Bafa Iliyoazimwa: Uchambuzi wa Kisa cha Hati Zilizochanganyika baina ya Unguja na Chake Chake

Asubuhi moja katikati ya masika, Maalim anayesimamia chumba cha kusomea hati huko Chake Chake alinipigia simu, na baada ya kujuliana hali akaniomba nitulie nimsikilize akisoma. Alikuwa na picha ya hati ya shamba la mikarafuu la Wete, iliyotumwa kutoka kwetu Unguja usiku wa kuamkia siku hiyo. Mistari ya juu ilieleza mipaka ya shamba kama ilivyo ada, kisha katikati ya sentensi maneno yakakatika na mahali pake yakaja majina ya mashahidi, ambayo huandikwa chini kabisa ya karatasi. Chini ya mashahidi hao kikajitokeza kichwa cha hati nyingine, ya shamba la Konde, kikiwa kimesogea kushoto hata mwanzo wake ukaangukia ukingo wa kulia wa picha. Baada ya hapo hati ya Wete ikaendelea kana kwamba hapakutokea jambo.

“Kijana wangu,” akasema, “karatasi hii ina mashamba mawili ndani yake. Mwenyewe akija kuitaka, nimpe lipi?”

Sikuwa na jibu. Miongoni mwa karatasi tunazoziskani zimo za mirathi, za wakfu, na za eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na watu wa Pemba huzifuata Chake Chake ili wasilazimike kuvuka bahari kuja Unguja kwa ajili ya kusoma mistari ishirini. Picha isiyofunguka ina hasara ndogo, kwa sababu kila mtu anaona kwamba imeharibika. Picha hii ilifunguka vizuri, ukubwa wake ulikuwa sawasawa, na katikati yake mlikuwa na maneno ya mtu mwingine.

Mpangilio wa kazi yetu ni huu. Skana hupiga karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi, rangi ya kijivu, bila kubana, kwa hiyo kila picha ina safu 3,508 zenye nukta 2,480 kila moja, jumla baiti 8,699,840. Seva ya Unguja, inayoendeshwa na mfumo wa Linux, huisoma picha kutoka diski, huipiga namba ya hati pembeni, kisha huituma sehemu mbili: kwenye seva ya akiba iliyomo jengo lilelile, kwa waya wa gigabiti 10 kwa sekunde, na kwenye seva ya Chake Chake. Safari ya Pemba hupita kwenye handaki la WireGuard, yaani njia iliyosimbwa ndani ya mtandao, lililofungwa baina ya ruta mbili, na hatua yake ya mwisho ni ya redio, kutoka mnara hadi paa la ofisi. Njia hiyo inabeba megabiti 50 kwa sekunde, lakini programu yetu ilipangiwa isizidi megabiti 20 ili wengine wanaoitumia wasibanwe. Programu ni moja kwa sehemu zote mbili. Hubadilika anwani na mwendo tu. Picha ikishafika, upande wa pili ulikuwa ukilinganisha ukubwa wa faili peke yake, na huo ni upungufu ninaoukiri mwanzoni, kwa sababu ndio uliotuchelewesha kugundua.

Dhana zetu za kwanza zilikuwa za kawaida. Tuliitazama diski ya Chake Chake, ambayo ilikuwa nzima. Tuliitilia shaka skana, lakini nakala ya picha hiyohiyo kwenye seva ya akiba haikuwa na dosari hata nukta moja. Mwenzangu mmoja aliinyooshea kidole redio, na hoja yake ilikuwa na uzito, kwa kuwa picha zote mbovu tulizozipata baadaye zilitumwa katika nyakati za mvua kubwa. Hata hivyo handaki la WireGuard huifunga kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) kwa alama ya uthibitisho ya baiti 16, na pakiti iliyoguswa njiani hutupwa; haifiki ikiwa na maneno mengine. Mvua ingeweza kutunyima pakiti, na haikuwa na njia ya kuandika kichwa cha hati ya Konde ndani ya hati ya Wete. Kwa hoja hiyo nilishikilia kwamba uharibifu umetokea kabla pakiti haijaingia kwenye ruta ya Unguja, yaani ndani ya seva yetu wenyewe.

Tulikokotoa SHA-256 (namba ya uhakiki inayobadilika hata baiti moja ikibadilika) ya kila picha ya seva ya akiba na mwenzake wa Chake Chake, tukatenga zisizolingana, kisha tukazipima baiti kwa baiti. Hapo ndipo kisa kilipoanza kujieleza chenyewe.

Kila kovu, nikiita hivyo sehemu iliyoharibika, lilikuwa na baiti halali za picha zetu zilizochukuliwa mahali pengine katika mtiririko uleule wa data, na umbali wa kutoka pale zilipotakiwa kuwa hadi pale zilipotoka ulikuwa uleule katika picha zote: baiti 4,194,304, au mara chache maradufu yake. Anayefanya kazi na kompyuta huitambua namba hiyo bila kikokotoo. Ni 2 iliyopandishwa kwenye kipeo cha 22. Kwa safu za nukta 2,480, umbali huo ni safu 1,691 na nukta 624 za ziada, na ndiyo sababu mashahidi walipanda juu kwa sentimita 14 na maandishi yakasogea pembeni kwa zaidi ya sentimita 5. Jambo la pili ni kwamba kila kovu liliishia hasa kwenye mpaka unaogawanyika kwa baiti 1,048,576 tangu mwanzo wa mtiririko. La tatu, ambalo lilinikosesha usingizi siku ile, ni mahali kovu lilipoanzia: tukihesabu kutoka mpaka wa nyuma yake, umbali uligawanyika kwa 1,368 bila kubakisha kitu. Handaki letu lina kipimo cha juu cha pakiti cha baiti 1,420. Ukitoa 20 za kichwa cha IP (kanuni ya anwani za mtandao), 20 za TCP (kanuni inayohakikisha data inafika yote na kwa mpangilio) na 12 za alama ya muda, zinabaki 1,368. Hicho ndicho kipimo cha segmenti moja ya TCP, yaani fungu la data linalobebwa na pakiti moja, kwenye njia ya Pemba. Diski hugawa data kwa 512 au 4,096, na haina habari na 1,368.

Nikaifungua programu. Ilikuwa na bafa nne, yaani sehemu za kumbukumbu za kuwekea data kwa muda, za baiti 1,048,576 kila moja, zinazotumika kwa zamu: inajaza ya kwanza na kuituma, inajaza ya pili na kuituma, hadi ya nne, kisha inarudi kwenye ya kwanza. Bafa nne za ukubwa huo ni baiti 4,194,304. Na kwenye mstari wa kutuma palikuwa na bendera, yaani alama ya kuchagua namna ya kutuma, iitwayo MSG_ZEROCOPY.

Niseme kwa urefu kidogo kuhusu bendera hii, kwa maana kisa chote kimesimama juu yake. Katika utumaji wa kawaida, programu huiambia kerneli, yaani kiini cha mfumo, “data ipo hapa kwenye kumbukumbu yangu, ipeleke.” Kerneli huinakili data hiyo hadi kwenye kurasa zake yenyewe, huivika vichwa vya TCP na IP, huiweka kwenye foleni ya soketi (mlango wa programu kwenye mtandao), na kadi ya mtandao huja kuisoma moja kwa moja kutoka kumbukumbu bila kupitia prosesa. Wito wa kutuma unaporejea, data huenda bado haijaondoka kwenye mashine, lakini hilo halimhusu mwandishi wa programu: kerneli inayo nakala yake, na itabaki nayo hadi upande wa pili ukiri kupokea, kwa sababu segmenti ikipotea njiani lazima itumwe tena. Mwandishi anaweza kuifuta bafa yake saa hiyohiyo. Desturi hii ni ya miaka mingi mno, na imezama katika mazoea yetu kiasi kwamba hakuna anayeitaja.

Unakili huo una gharama. Prosesa husoma kila baiti na kuiandika mahali pengine, na kwa kufanya hivyo huondoa kwenye kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa) data nyingine iliyokuwa ikihitajika. Kwenye waya wa gigabiti 10, ambao ukijaa hupitisha baiti bilioni 1.25 kila sekunde, kazi hiyo hula sehemu nzito ya muda wa mashine. Njia za kuikwepa zimetafutwa tangu zamani. Wito wa sendfile, uliokuwemo katika Linux 2.2 ya mwaka 1999, huipeleka faili kutoka kwenye kurasa ambazo kerneli tayari inazo, bila kupita kwenye kumbukumbu ya programu. Sisi hatukuweza kuutumia kwa wepesi kwa kuwa picha inayotumwa si ile iliyomo kwenye diski. Namba ya hati hupigwa ikiwa tayari kwenye kumbukumbu. MSG_ZEROCOPY, iliyoingia Linux 4.14 mwaka 2017, imekusudiwa hali kama yetu: kerneli huzishikilia kurasa zenyewe za programu ili zisihamishwe, na kadi ya mtandao husoma humo humo.

Mabadiliko yaliyopo hapo ni ya umiliki kuliko ya mwendo. Wito wa kutuma unaporejea, bafa haijarudi kwa mwenyewe. Imeazimwa na kerneli, na itarejeshwa kwa taarifa maalumu inayowekwa kwenye foleni ya makosa ya soketi. Kila wito uliofaulu hupewa namba kuanzia 0, na taarifa husema kwamba namba tangu hii hadi hii zimekamilika. Kwa TCP, kukamilika huko huja baada ya upande wa pili kukiri kupokea, maana kabla ya hapo kerneli inaweza kuirudia bafa wakati wowote. Maelezo yanayoambatana na kerneli yanaonya waziwazi kwamba programu ikiandika juu ya bafa kabla ya taarifa, kerneli yenyewe haitadhurika, lakini data iliyo safarini inaweza kubadilika.

Programu yetu haikuwahi kusoma foleni ya makosa hata mara moja. Iliweka bendera mpya na kubaki na desturi ya zamani.

Sasa mtu atauliza, kama nilivyouliza mimi, ilikuwaje programu hiyo ikafaulu majaribio na kufanya kazi kwa miezi bila tatizo, na iwe seva ya akiba haijapata hata kovu moja. Jibu limo katika muda. Ndani ya jengo, kukiri kupokea hurejea kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ilhali kusoma vipande vinne vipya, kila kimoja cha kujaza bafa moja, kutoka diski na kuvipiga namba huchukua muda mrefu kuliko huo mara nyingi. Bafa ya kwanza ilikuwa imeshaachiliwa kabla programu haijairudia. Ilikuwa salama kwa bahati ya mpangilio, na bahati hiyo haikuandikwa popote.

Kwenye njia ya Pemba hesabu ni nyingine, ingawa kwa siku za kawaida nayo ilitoka vizuri. Mwendo wa megabiti 20 kwa sekunde ni baiti milioni 2.5, kwa hiyo kipande kimoja hutumwa kila baada ya sekunde 0.42, na bafa ileile hurudiwa baada ya sekunde 1.7 takriban. Njia ya kwenda na kurudi Chake Chake ni ya makumi ya sehemu za elfu za sekunde. Kukiri kulifika mapema sana, na bafa ilibaki na muda wa ziada.

Mvua ilipokuja ikaula muda huo wa ziada. Redio za masafa ya juu hudhoofika katika mvua nzito, na yetu ya hatua ya mwisho huweza kunyamaza kwa sekunde moja, mbili, au tatu, kisha ikarejea. TCP haikati tamaa katika hali hiyo. Linux husubiri angalau sekunde 0.2 kabla ya kurudia kutuma, na kila jaribio likishindwa huongeza maradufu muda wa kusubiri. Majaribio huangukia takriban kwenye sekunde 0.2, kisha 0.6, kisha 1.4, na la nne hungoja hadi sekunde 3. Tazama palipo na mwanya: bafa inaandikwa upya kwenye sekunde 1.7. Redio ikirejea kabla ya 1.4, jaribio la tatu huikuta data ya asili bado imo. Ikichelewa hata kidogo tu baada ya hapo, jaribio linalofuata huja wakati bafa imeshajazwa kipande kilicho mbele yake kwa baiti 4,194,304, na kadi ya mtandao, inayosoma humo humo, hupeleka hicho. Mnyamazo mrefu zaidi huiruhusu programu kuzunguka mara ya pili, na ndiyo sababu ya yale makovu yenye umbali maradufu.

Makovu yaliishia kwenye mpaka wa kipande kwa sababu bafa huandikwa nzima kwa mara moja, na yalianzia kwenye mpaka wa segmenti kwa sababu kila kilichokwisha kukiriwa hakitumwi tena.

Kwa nini hakuna mlinzi hata mmoja aliyepiga kelele? Namba ya uhakiki ya TCP kwenye mashine yetu hukokotolewa na kadi ya mtandao wakati pakiti inaondoka, juu ya baiti zilizomo wakati huo. Baiti zikishabadilika, namba hukokotolewa juu ya zilizobadilika na kutoka sahihi kabisa. WireGuard ilithibitisha kwa uaminifu kile ilichopewa na seva. Upande wa Pemba ulipokea segmenti yenye namba ya mfuatano iliyokuwa ikisubiriwa, yenye urefu uliotarajiwa na uhakiki unaolingana. Kila mmoja alitimiza wajibu wake, lakini hakuna aliyekuwepo wakati bafa inaandikwa.

Kulikuwa na vizuizi viwili ambavyo vingeweza kutuokoa, na vyote tulikuwa tumeviondoa kwa mikono yetu. Kerneli huweka kikomo cha kumbukumbu ambayo programu ya kawaida inaruhusiwa kuishikilia, na kikizidishwa wito wa kutuma hukataliwa. Kukataliwa huko kulijitokeza siku za mwanzo za programu, na suluhisho lililochukuliwa lilikuwa kuiendesha kwa mamlaka ya juu kabisa ya mashine, ambayo haifungwi na kikomo hicho. Aidha foleni ya kutuma ya soketi ilipanuliwa sana kwa ajili ya waya wa gigabiti 10. Laiti ingeachwa Linux iipime yenyewe kwa njia ya Pemba, redio inaponyamaza foleni ingejaa mapema na programu ingelazimika kusimama ikisubiri, badala ya kuendelea kujaza bafa. Sisemi kwamba foleni fupi ni dawa ya kosa hili. Nasema kwamba tuliipanua kwa sababu ya sehemu moja na tukaipeleka nyingine bila kufikiri.

Hoja nzuri si ushahidi, na wenzangu walikuwa na haki ya kuutaka. Tuliweka mashine tatu mezani: ya kutuma, ya kupokea, na ya katikati iliyojifanya ndiyo njia ya Pemba, ikichelewesha pakiti na kuzizuia tulipotaka. Tulipozizuia kwa nusu sekunde, picha zilifika safi. Tulipozizuia kwa sekunde 2, kila mara picha iliyokuwa safarini ilifika na kovu, na kovu lilikuwa na vipimo vyote nilivyovieleza. Kisha tukanasa pakiti kwa tcpdump kwenye mashine ya kutuma, tukatafuta segmenti zilizotumwa zaidi ya mara moja. Tulikuta ile ya kwanza ina mipaka ya shamba na ile ya pili, yenye namba ya mfuatano ileile, ina majina ya mashahidi. Kwa kanuni za TCP segmenti inayorudiwa lazima ibebe baiti zilezile. Kuziona mbili tofauti kwenye skrini moja kulimaliza ubishi.

Nitaje hapa jambo ambalo linaweza kumpotosha anayepima mwendo. Pakiti iliyotumwa kwa bendera hii inapopitishwa pia kwa mnasaji kama tcpdump, kerneli hulazimika kuinakili kwa ajili yake, kwa kuwa haikubali mnasaji aikalie bafa ya mtu kwa muda usio na mwisho. Taarifa ya kukamilika hubeba alama inayosema kwamba unakili ulifanyika. Kwa kutafuta kosa la data hilo halikutuzuia, kwa sababu nakala ya mnasaji ilihifadhi baiti zilivyokuwa wakati wa kupita, na ndicho tulichokihitaji. Lakini anayewasha tcpdump na papo hapo kupima faida ya kutuma bila kunakili anapima kitu ambacho amekwisha kukiondoa.

Tulipofika kwenye marekebisho hatukuafikiana mara moja. Mwenzangu aliyeiandika programu alitaka iendelee kuwa moja, irekebishwe isome taarifa, na bendera ibaki kila mahali. Mimi nilishikilia kwamba kwenye njia ya Pemba bendera iondoke kabisa, na hoja yangu ilikuwa ya hesabu. Kwa mwendo tuliojiwekea tunanakili baiti milioni 2.5 kwa sekunde. Hata tukiikadiria mashine kuwa dhaifu, inayonakili baiti bilioni 2 tu kwa sekunde, kazi hiyo ni kidogo zaidi ya sehemu moja kwa elfu ya muda wake. Hicho ndicho tulichokuwa tukikiokoa, na badala yake tulikuwa tukilipa gharama ya kushikilia na kuachilia kurasa, kuzihesabu, na sasa kusoma taarifa zake. Maelezo ya kerneli yenyewe yanasema kwamba bendera hii huanza kuleta faida pale ambapo kila wito unatuma zaidi ya kilobaiti 10 hivi. Vipande vyetu vilivuka kipimo hicho kwa mbali, na mwenzangu aliegemea hapo. Lakini ukubwa wa kipande hauna maana ikiwa mtandao wenyewe unakwenda kwa mwendo ambao prosesa haiusikii.

Tuliishia hivi. Kwenda Chake Chake, programu hutuma kwa unakili wa kawaida, na foleni ya soketi imeachiwa Linux. Kwenda seva ya akiba, bendera imebaki, lakini kila bafa sasa imefungwa na namba ya wito wake, na hairudi kwenye zamu hadi taarifa itaje namba hiyo. Bafa zote nne zikiwa bado mikononi mwa kerneli, programu husimama na kusubiri. Mwenzangu aliongeza jambo ambalo sikulifikiria: bafa inayorejeshwa katika majaribio hujazwa baiti za aina moja kabla ya kutumika tena, ili kosa la aina hii likijirudia litoe mstari mweusi unaoonekana, lisitoe maandishi ya hati nyingine yanayosomeka. Naona huo ni uamuzi bora kuliko wangu. Programu imeondolewa pia ile mamlaka ya juu na kupewa kikomo cha kumbukumbu kinachotosha kazi yake, na kila picha inasafiri na SHA-256 yake, iliyokokotolewa namba ya hati inapokwisha kupigwa na kabla ya bafa kuingia kwenye soketi.

Nimesoma baada ya hapo jinsi AF_XDP, iliyoingia Linux 4.18 mwaka 2018, inavyolishughulikia suala hilihili kwa pakiti zinazosomwa na programu bila kupita kwenye mnyororo wa kawaida wa kerneli. Humo eneo la kumbukumbu ni la pamoja, na anwani za vipande vyake hupokezanwa kwa mizunguko minne: wa kukabidhi nafasi tupu, wa kupokea, wa kutuma, na wa kurejesha vilivyokwisha kutumwa. Mwandishi hawezi kujidanganya kwamba kipande ni chake, kwa sababu asipokichukua kwenye mzunguko wa kurejesha hana anwani ya kuandikia. Ni kazi ngumu zaidi kuiandika, na haitufai sisi wa TCP, lakini umiliki umewekwa mahali unapoonekana. Kwenye MSG_ZEROCOPY wito ni uleule wa zamani na bendera moja tu imeongezwa, na urahisi huo ndio uliotuponza.

Ilibaki kazi ya karatasi zenyewe. Picha za seva ya akiba zilikuwa safi, kwa hiyo zote zilizokuwa na kovu zilitumwa upya, zikalinganishwa, na Maalim akazifuta zile mbovu mwenyewe, moja moja, baada ya kuorodhesha katika daftari ni nani aliyepewa nakala iliyochapwa kutokana nazo. Waliopewa walitafutwa, wengine kwa kupitia masheha wao, wakabadilishiwa. Hati ya Wete ilikuwa ya mwisho. Namba zake za uhakiki zilikuwa zimelingana tangu asubuhi, lakini Maalim hakuridhika na namba, nami sikuwa na sababu ya kumwambia aridhike. Nikaitoa karatasi yenyewe kabatini, akafungua picha yake kule Chake Chake, tukaisoma kwa simu mstari kwa mstari, yeye akitangulia nami nikifuatia, kuanzia mipaka hadi shahidi wa mwisho.